Ukiona Vyaelea

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii ilizaliwa pwani, kwa watu waliozoea kutazama jahazi likikata maji kwa madaha. Mtazamaji huliona tanga na omo, wala hamwoni fundi aliyepasua mbao, wala vipande vilivyotupwa kwa kuwa havikufaa. Ingawa ni methali ya baharini, maana yake yatufaa sisi wa bara pia, na hasa wakazi wa Kericho na Bomet, ambao huishi katikati ya zao linalonywewa ulimwenguni kote na watu wasiojua lilivyotengenezwa.

Hebu tufikiri habari ya kikombe kimoja cha chai. Mchumaji huingia shambani asubuhi na mapema, umande ungali juu ya mimea, akachuma majani mawili na chipukizi lake, akayatupa kapuni mgongoni. Kiwandani majani hunyaushwa kwa hewa, hukatwakatwa na kusagwa kwa mashine, huachwa yageuke rangi kutoka kijani kuwa kama shaba, hukaushwa kwa joto, kisha huchekechwa na kupangwa kwa daraja zake. Mnywaji aliye mbali haoni hata moja katika hayo. Yeye huonja, akasifu au akalaumu, akaweka kikombe chini.

Vipindi vya televisheni ni vivyo hivyo. Watu wanne au watano huketi nyuma ya meza inayong'aa, mwendeshaji yuko katikati yao, maswali yaulizwa, majibu yatolewa, hadhira yacheka na kupiga makofi. Kikao cha namna hiyo huitwa jopo. Sisi tulioketi nyumbani twadhani kwamba tumeona baraza la watu waliokutana tu wakazungumza. Kumbe kila kiti kilichaguliwa, kila mgeni alipimwa, na maneno mengi yalikatwa kabla hayajatufikia. Katika insha hii nataka kueleza historia ya wachekeshaji waliothubutu kufungua mlango wa kiwanda hicho na kutuonyesha mashine zikizunguka, na kwa nini jambo hilo latuhusu sisi wa nchi ya chai.

Nianze karibu na nyumbani. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki aitwaye Hugh Tracey alifika Kapkatet na vyombo vyake vya kunasa sauti. Huko wasichana wa Kipsigis walimwimbia wimbo uitwao Chemirocha. Neno hilo lilikuwa ni jina la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambalo lilizungushwa katika ndimi za Kipsigis hata likawa lao. Santuri zake zilikuwa zimefika katika vilima hivi, zikachezwa kwa gramafoni, na watu wakastaajabia sauti itokayo katika sanduku lisilo na mtu ndani. Kwa maelezo ya Tracey, wasichana wale walimsawiri mwimbaji huyo kuwa ni kiumbe nusu mtu na nusu swala, wakamwalika aje acheze nao.

Wako waliousikia wimbo huo wakawacheka wasichana wale kwa ujinga. Mimi naona walikosea. Wasichana wale waliuliza swali ambalo watu wengi waliosoma husahau kuliuliza: Je, ni nani aliye nyuma ya chombo hiki? Walipokosa kumwona, walimwumba kwa akili zao, wakamtia miguu ya swala, wakacheza naye. Walikikabili chombo kigeni kwa mchezo badala ya kukisujudia. Vizazi vilivyofuata vilipopata televisheni, swali lilikuwa ni lile lile.

Wazee wetu hawakuwa na haja ya swali hilo katika mabaraza yao. Kokwet ya Kipsigis ilikaa mahali pa wazi. Aliyenena alionekana, aliyenyamaza alionekana, na jirani aliyeletewa shauri alijua ng'ombe wa msemaji na madeni yake. Bila shaka wazee nao walikuwa na siri zao, na huenda wawili watatu walipatana njiani kabla ya kufika. Walakini waliosikiliza waliwajua tangu utoto. Jopo la televisheni limechukua sura ya baraza, lakini limeacha jambo moja kubwa: mtazamaji hawajui wasemaji, wala hajui nani aliwaita.

Hatari ya jambo hilo ilidhihirika Marekani mapema sana. Katika miaka ya 1950 watu wa huko walipenda mno mashindano ya maswali katika televisheni. Kipindi kimoja kiliitwa Twenty-One. Mwezi wa Desemba 1956, mshindani aitwaye Herbert Stempel alishindwa na Charles Van Doren, mwalimu kijana wa Chuo Kikuu cha Columbia, na nchi nzima ikampenda mshindi. Baadaye Stempel akafichua kwamba aliamriwa kushindwa, na kwamba swali moja alilolikosa alilijua vema. Mwaka 1958 habari zikaenea, na mwezi wa Novemba 1959 Van Doren mwenyewe akakiri mbele ya kamati ya Bunge la nchi yao kwamba alikuwa akipewa majibu mapema. Mwaka 1960 ikatungwa sheria ya kukataza udanganyifu wa namna hiyo. Mamilioni ya watu walikuwa wametokwa jasho pamoja na mshindani aliyekuwa akijifanya kufikiri.

Nchini Kenya televisheni ilianza mwaka 1962, siku chache kabla ya uhuru kwa hesabu ya historia. Mwaka 1964 serikali ilitwaa shirika la utangazaji, likaitwa Sauti ya Kenya, na mwaka 1989 likarudishiwa jina la Shirika la Utangazaji la Kenya. Kwa muda wa miaka ishirini na minane hapakuwa na kituo kingine. Cha kwanza cha watu binafsi, KTN, kilianza mwaka 1990. Vichekesho havikukosa katika miaka hiyo. Vitimbi na Vioja Mahakamani viliwakusanya watu mbele ya kioo, na watu wa Kericho walifurahi kumwona humo mhusika aitwaye Masanduku arap Simiti, kwa kuwa neno hilo la arap lilikuwa ni la kwao. Lakini aghalabu kicheko kilimwangukia mtu mdogo: mlevi, mkopaji, mshtakiwa mwenye maneno mengi. Hakimu hakuchekwa sana, na waliokuwa juu ya hakimu hawakuchekwa kabisa.

Haikuwa kwa bahati tu. Mwaka 1977 mchezo wa kuigiza wa Kamĩrĩĩthũ, huko Limuru, ulipigwa marufuku, na mmoja wa watungaji wake, Ngũgĩ wa Thiong'o, akafungwa bila ya kushtakiwa. Mwaka 1986 mwandishi wa vichekesho Wahome Mutahi alitiwa gerezani kwa miezi kumi na mitano. Watu walijifunza kucheka kwa sauti ya chini, milango ikiwa imefungwa.

Mlango ulianza kufunguka baada ya mwaka 1991, siasa ya vyama vingi iliporudi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vijana watatu waliotoka Chuo Kikuu cha Kenyatta, yaani Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, waliunda kundi la Redykyulass. Walifanya jambo ambalo wazazi wao wasingalithubutu: walimwiga Rais Daniel arap Moi, angali madarakani, kwa sauti yake na ishara za mikono yake. Kwa watu wa Kericho na Bomet jambo hili lilikuwa na uzito wake. Moi alikuwa Mkalenjin, na lafudhi iliyoigwa ilikuwa ni lafudhi ya baba na wajomba katika nyumba nyingi za vilima hivi. Ni rahisi kufahamu kama wengine walicheka, na wengine wakaona wamedhihakiwa wao. Hisia zote mbili zilikuwa na haki yake. Kicheko kimwangukiacho mtawala kwa ajili ya utawala wake ni dawa. Kimwangukiacho kwa ajili ya ulimi wa mama yake kina sumu ndani yake. Mchekeshaji mwema sharti ajue mpaka ulipo, na mtazamaji pia.

Mpaka huo ulitambulika kwa uchungu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nchi iliwaka moto. Serikali ilikataza matangazo ya moja kwa moja tarehe 30 Desemba. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Kericho haikusalimika: tarehe 31 Januari 2008 mbunge wa Ainamoi, David Kimutai Too, aliuawa kwa risasi mjini Eldoret, na ghasia zikazuka katika jimbo lake. Mtangazaji wa redio ya Kikalenjin, Joshua arap Sang, aliyeendesha kipindi cha mazungumzo cha asubuhi, alishtakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Yeye alikana, na tarehe 5 Aprili 2016 majaji walikomesha kesi hiyo bila ya kumtia hatiani. Sikutaja habari hii ili nimhukumu mtu ambaye mahakama haikumhukumu. Naitaja ili msomaji aone ya kuwa kipindi cha mazungumzo si jambo dogo. Maneno yasemwayo mbele ya kinasa sauti huweza kupelekwa mbele ya majaji, kwa sababu huingia katika masikio ya watu wenye hofu.

Katika nchi iliyokuwa bado ikiuguza majeraha hayo, kilianza kipindi kiitwacho The XYZ Show, mwezi wa Mei 2009, katika kituo cha Citizen. Mwanzilishi wake alikuwa Gado, mchoraji wa katuni mzaliwa wa Tanzania ambaye jina lake kamili ni Godfrey Mwampembwa. Mfano aliupata kwa Les Guignols ya Ufaransa na Spitting Image ya Uingereza. Wanasiasa walifanywa vikaragosi vya mpira, vyenye pua kubwa na macho ya kuzunguka, vikasemeshwa kwa sauti za kuiga. Jambo linalotuhusu hapa ni umbo la kipindi chenyewe. Kilijifanya kuwa taarifa ya habari, na mwendeshaji wake alikuwa kikaragosi kilichomwiga mtangazaji mashuhuri Jeff Koinange, kikapewa jina la Keff Joinange. Kwa hiyo hakuchekwa waziri peke yake. Alichekwa na yule anayemhoji waziri, pamoja na meza yake, sauti yake nzito na tabasamu lake. Televisheni ilianza kujicheka yenyewe.

Huko Uingereza wachekeshaji walikwenda mbali zaidi. Katika miaka ya 2006 na 2007 kituo cha BBC Three kilionyesha Rob Brydon's Annually Retentive. Brydon, mchekeshaji mzaliwa wa Wales, alicheza nafsi yake mwenyewe, akiwa mwendeshaji wa jopo la maswali ya historia. Sehemu moja ya kipindi ilionyesha jopo likiendelea mbele ya hadhira, na sehemu nyingine ilionyesha vikao vya nyuma ya pazia: wageni wanachaguliwa, mzaha unaandaliwa ili uonekane umezuka papo hapo, na mwendeshaji anayewachekea wageni hadharani anawateta faraghani. Kabla yake, Mmarekani Garry Shandling alikuwa amefanya mfano wa jambo hilo katika The Larry Sanders Show, kuanzia mwaka 1992 hadi 1998, akionyesha maandalizi ya kipindi cha mazungumzo cha usiku.

Kwa nini mtu acheke aonapo maandalizi? Nadhani ni kwa sababu ya umbali uliopo baina ya nyuso mbili za mtu mmoja. Mbele ya taa yeye ni mkarimu; taa zikizimwa ni mchoyo. Mwanafunzi yeyote aliyewahi kuona mgeni wa heshima akikaribishwa shuleni, mawe yakipakwa chokaa na chakula kikibadilishwa kwa siku moja, ameyafahamu yote haya bila ya kuwa na televisheni.

Historia, hata hivyo, hupenda kuwarudia wenye kucheka. Mwaka 2009 Brydon, aliyewakejeli waendeshaji wa majopo, alikuwa mwendeshaji wa jopo la kweli, Would I Lie to You?, akadumu nalo miaka mingi. Huku kwetu John Kiarie wa Redykyulass, aliyewaiga wanasiasa, alichaguliwa kuwa mbunge wa Dagoretti Kusini mwaka 2017, akachaguliwa tena mwaka 2022. Mwenziwe Walter Mong'are alijitokeza mwaka 2022 kutaka urais, ingawa jina lake halikufika katika karatasi ya kura. Sioni aibu katika hayo. Aijuaye jikoni huenda akapika vizuri kuliko asiyeijua. Lakini twajifunza kwamba ukuta uliopo kati ya mchekaji na mchekwaji si mnene, na kila anyoshaye kidole akumbuke kwamba kiti kile huenda siku moja kikawa chake.

Wala si lazima mchezo utungwe ili tuone mambo ya jopo. Mwaka 2013 Kenya ilifanya mdahalo wake wa kwanza wa wagombea urais, wagombea wanane wakasimama pamoja mbele ya taifa. Lilikuwa jambo la fahari. Lakini tarehe 24 Julai 2017 Raila Odinga alisimama peke yake, maana Uhuru Kenyatta hakufika. Na tarehe 26 Julai 2022 William Ruto naye alisimama peke yake, maana safari hii Raila ndiye hakufika. Mdahalo wa mtu mmoja! Mtunzi wa vichekesho angaliandika hivyo, watu wangalisema ametia chumvi. Hapo pazia lilifunguka lenyewe, na wananchi wakaona kwamba baraza walilodhani ni lao lilitegemea hiari ya wakubwa.

Yako maneno ya kupinga haya nisemayo, nayo yastahili kusikilizwa. Mtu aweza kusema: Mkiwafunza vijana kwamba kila kipindi kimepangwa, hawataamini neno lolote, wataona habari zote ni uongo na wasemaji wote ni wanafiki. Hofu hii ni ya kweli. Kijana asiyeamini chochote hudanganywa kwa wepesi kama yule aaminiye kila kitu, kwa kuwa huishia kuamini kinachompendeza. Lakini hebu turudi kiwandani. Mwana wa mkulima aliyeona majani yakinyaushwa na kusagwa haachi kunywa chai. Hunywa, na tena hutambua chai njema na chai mbovu, wala hapumbazwi na uzuri wa pakiti. Kujua jinsi kitu kilivyoundwa hakumwondolei mtu imani; humpa kipimo.

Tena jambo hili si la watu wazima peke yao. Mwaka 2013 mchezo wa wasichana wa Shule ya Upili ya Butere, Shackles of Doom, ulizuiwa katika tamasha la drama la shule, na Mahakama Kuu ikaamuru uruhusiwe. Mwaka 2025 shule hiyo hiyo ilileta mchezo uitwao Echoes of War. Mahakama iliamuru tena kwamba waruhusiwe kucheza, lakini mwezi wa Aprili, huko Nakuru, wasichana hao waliimba wimbo wa taifa wakaondoka bila ya kuigiza, na polisi wakatumia gesi ya kutoa machozi nje ya uwanja wa tamasha. Walikuwa na umri kama wenu mnaosoma kitabu hiki. Kutoka Kapkatet ya mwaka 1950 hadi Nakuru ya mwaka 2025, wasichana wenye sauti wamekuwa wakiuliza nani yuko nyuma ya chombo, na mara nyingine jibu limekuwa chungu.

Basi, kijana, utakapoketi jioni moja mbele ya kioo, mvua ya Kericho ikinyesha juu ya mabati na jopo la waheshimiwa likibishana kwa hasira, jiulize mambo manne. Nani amewaita hawa, na nani hakuitwa? Nani analipa gharama ya taa hizi? Ni neno gani limekatwa? Na je, watu hawa wakitoka hapa watakwenda kupigana, au watakwenda kunywa chai pamoja, huku jirani zangu wakibaki na hasira waliyowaachia? Ukikosa jibu, usikate tamaa. Uliza wakubwa wako, soma, linganisha kituo kimoja na kingine. Na ukiona mchekeshaji amefunua pembe ya pazia, cheka kwa moyo wote, kisha uchungulie mwenyewe.